UZI: Kuyeyusha peptaidi za maabara – hesabu ya ukolezi na ujazo, kuanzia lebo ya kichupa hadi kishimo cha pleti

FundiPipeti (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za leo.

Naona wadogo zetu wa vyuoni, na hata watu walio kazini tayari, wanauliza sana kuhusu peptaidi (minyororo mifupi ya asidi amino) zinazokuja zikiwa unga mkavu. Niweke maji kiasi gani? Nitapata ukolezi gani? Halafu nichote kiasi gani niingize kwenye jaribio? Mara nyingi wanajibiwa kwa fomula moja, "gawanya uzito kwa ujazo", na mada inafungwa. Fomula hiyo haina kosa. Kinachowaumiza watu ni namba wanayoigawanya.

Namba ya kwenye lebo ya kichupa ni uzito wa unga wote, wala si uzito wa peptaidi. Mtu akilishika hili, nusu ya ugomvi wa "mbona matokeo yako hayafanani na yangu" unaisha. Kwa hiyo nitaanzia kwenye unga, maji baadaye.

Peptaidi nyingi tunazonunua zimetengenezwa kwa njia aliyoichapisha Bruce Merrifield mwaka 1963, ile iliyompa Nobel ya kemia mwaka 1984. Asidi amino zinaunganishwa moja baada ya nyingine juu ya chembe ngumu za resini. Siku hizi, mnyororo ukishakamilika, kwa kawaida unakatwa kwenye resini kwa asidi ya trifluoroasetiki, tunayoiita TFA. Asidi hiyo haiondoki yote. Inabaki imeng'ang'ania sehemu zenye chaji chanya: mwanzo wa mnyororo, na kila arjinini, laisini na histidini iliyomo. Ongeza na maji kidogo ambayo unga umeyashika. Vyote hivyo vina uzito, na vyote vimo ndani ya ile "1 mg" unayoisoma kwenye lebo.

Ndiyo maana cheti cha uchambuzi kizuri kina mstari unaotaja kiwango halisi cha peptaidi kwa asilimia. Mara nyingi utakuta kati ya 60 na 90. Huo ndio mstari wa kuutafuta kabla hujashika pipeti.

Nichukue mfano unaotuhusu. Chanjo za malaria RTS,S na R21, ambazo Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza Oktoba 2021 na Oktoba 2023, zote zimebeba kipande cha protini ya juu ya kimelea cha *Plasmodium falciparum* chenye asidi amino nne zinazojirudia: asparajini, alanini, asparajini, prolini. Kwa herufi ni NANP. Bagamoyo na Kilifi zilikuwa miongoni mwa vituo vya majaribio ya chanjo hizo, kwa hiyo mwanamaabara wa huku akiambiwa apime kingamwili dhidi ya NANP si jambo la ajabu. Peptaidi inayotumika sana kwa kazi hiyo ni NANP iliyorudiwa mara sita.

Uzito wa molekuli yake tuukokotoe wenyewe. Asidi amino zikiwa zimeungana, asparajini ni 114.10, alanini 71.08, prolini 97.12. NANP moja inakuwa 396.40. Zidisha kwa 6, halafu ongeza molekuli moja ya maji, 18.02, kwa ajili ya ncha mbili za mnyororo. Jibu ni takriban 2396.4 g/mol.

Sasa una kichupa cha 1 mg, cheti kinasema kiwango halisi ni 85%, nawe unataka stoki (mmumunyo mzito wa kuzimua baadaye) ya milimola 1.

Peptaidi iliyomo kweli: 1 mg × 0.85 = 0.85 mg.
Kwa moli: 0.85 mg ÷ 2396.4 = nanomoli 354.7.
Milimola 1 ni sawa na nanomoli 1 kwa kila mikrolita 1, kwa hiyo ujazo ni mikrolita 354.7. Weka 355.

Aliyesoma lebo peke yake ataweka mikrolita 417 na kuandika "1 mM" juu ya kichupa, wakati ndani kuna milimola 0.85. Kila kitakachozimuliwa kutoka kwenye kichupa hicho kitarithi pengo hilo la 15%, mpaka kwenye grafu ya mwisho, na hakuna mtu atakayeliona kwa sababu hesabu zote za katikati ni sahihi.

Hesabu za ujazo wa pleti (sahani ya plastiki yenye vishimo vya kufanyia jaribio) nazileta chini. Ulizeni.

---

MwanaBiokemia_2

Asante sana mkuu kwa uzi. Mimi ninacho cheti mkononi, kimeandika usafi 98% kwa HPLC (mashine inayotenganisha vilivyomo kwenye mmumunyo). Kwa hiyo nizidishe kwa 0.98 basi? Sioni mstari mwingine wa asilimia.

---

FundiPipeti

Hapana mdogo wangu, hapo ndipo wengi wanapoteleza. Usafi na kiwango halisi ni vitu viwili tofauti.

HPLC inakuambia hivi: kati ya vitu vyenye asili ya peptaidi ambavyo kigunduzi kimeviona, 98% ni ile uliyoagiza, na 2% ni minyororo iliyokatika au iliyokosa asidi amino njiani. TFA na maji havimo kwenye hesabu hiyo kabisa. Kichupa kinaweza kuwa na usafi wa 98% na bado robo ya uzito wake ikawa chumvi na unyevu.

Ukiwa na zote mbili unaweza kuzizidisha pamoja. Kwa mfano wetu ni 0.85 × 0.98 = 0.833 mg, na ujazo wa milimola 1 unashuka hadi mikrolita 347.6. Kwa jaribio la kingamwili tofauti hiyo ya 2% haitakuumiza. Ya 15% itakuumiza.

Mstari wa kiwango halisi ukikosekana, mwandikie muuzaji umuulize. Huwa unatokana na uchambuzi wa asidi amino au wa naitrojeni, na maabara nyingine za utengenezaji huufanya kwa malipo ya ziada. Wakati unasubiri jibu, unaweza kukadiria mwenyewe. Chukua angiotensini II, yenye asidi amino nane na uzito wa 1046.2. Ina mwanzo wa mnyororo, arjinini moja na histidini moja, yaani sehemu tatu za kukaa TFA. Kila TFA ni 114.0, kwa hiyo tatu ni 342. Peptaidi ni 1046.2 ÷ 1388.2, sawa na 75.4% ya chumvi hiyo, na hapo maji hujayatoa bado.

Rudi kwenye NANP mara sita. Haina arjinini, haina laisini, haina histidini. TFA inakaa mwanzoni tu, moja. 2396.4 ÷ 2510.4 ni 95.5%. Kwa hiyo peptaidi mbili zenye lebo ileile ya 1 mg, moja inapoteza robo nzima kwa chumvi na nyingine haifikii hata 5%. Cheti kikikuambia ya NANP ni 85%, ujue sehemu kubwa ya kilichobaki ni unyevu, na unyevu una habari zake.

---

DadaWaBenchi

Kwenye unyevu naomba nichangie, maana ninafanya kazi Mombasa na hewa ya huku kila mtu anaijua.

Peptaidi kavu inavuta maji kutoka hewani. Ukitoa kichupa kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri ukakifungua hapohapo, mvuke unaganda ndani yake mbele ya macho yako. Ukiangalia vizuri utaona ule unga mweupe mwepesi uliokuwa umekaa kama utando chini unajikunja na kushikamana na kioo. Kwa hiyo kitoe, kiache kikiwa kimefungwa ndani ya chombo chenye silika, kifikie joto la chumba, ndipo ukifungue. Saa moja inatosha kwa kichupa kidogo.

Pili, kabla ya kufungua kipige sentrifuji kidogo, sekunde chache tu. Unga wa 1 mg ni mwepesi mno na mwingi husafiri ukiwa umeganda kwenye kifuniko. Ukifungua bila kuushusha, unaondoka na kifuniko, na hesabu yako nzuri ya 0.85 mg imekuwa ya kubahatisha.

Tatu, tafadhali msipime 1 mg kwenye mizani ya kawaida ya maabara. Mizani inayosoma hadi 0.1 mg, kosa lake dogo kabisa ni sehemu ya kumi ya unachokipima. Yeyusha kichupa kizima, tumia namba ya cheti. Anayetaka nusu kichupa ayeyushe chote halafu agawe mmumunyo. Unga usigawe.

---

FundiPipeti

Dada umemaliza. Hilo la kuyeyusha kichupa kizima lingepaswa kubandikwa ukutani.

---

Mkulima_wa_Data

Swali la haraka. Je, unga wenyewe hauongezi ujazo? Nikiweka mikrolita 355 juu ya unga, sipati zaidi ya 355?

---

FundiPipeti

Kwa 1 mg hapana, ni chini ya mikrolita moja, sahau. Inakuja kuwa kitu kwenye unga mwingi. Ile chupa ya dawa ya maji ya watoto ya amoksisilini inakuja na unga umekaa chini, na mfamasia anaongeza maji hadi alama. Hamimini mililita 100 kamili kwa sababu unga wenyewe unachukua nafasi. Peptaidi za maabara za 1 mg au 5 mg hazifiki huko. Ukiwa na gramu nzima, tumia chupa ya kipimo na ujaze hadi mstari.

---

KijanaWaMUHAS

Mimi yangu imekataa kuyeyuka. Niliweka PBS (bafa ya chumvi za fosfeti) moja kwa moja kwa ujazo wa kupata 10 mg/ml, ikawa kama uji mzito. Je, hesabu yangu bado inasimama?

---

FundiPipeti

Hesabu inasimama pale tu kila kitu kimeyeyuka. Mmumunyo wenye ukungu au punje hauna ukolezi unaoujua. Juu una namba moja, chini nyingine, na pipeti inachota inachokipata.

Kabla ya kuchagua kiyeyushi, hesabu chaji. Mpe +1 kila arjinini, kila laisini na mwanzo wa mnyororo. Mpe −1 kila asidi aspatiki, kila asidi glutamiki na mwisho wa mnyororo. Histidini karibu na pH 7 iache. Jumla ikiwa chanya, anza na maji safi, yakishindwa jaribu asidi ya asetiki iliyozimuliwa. Ikiwa hasi, maji, halafu amonia kidogo sana au bikaboneti, lakini si kwa peptaidi yenye sisteini, maana kwenye pH ya juu sisteini inaoksidika upesi. Ikiwa sifuri na imejaa asidi amino zinazochukia maji, yaani lusini, isolusini, valini, fenilalanini, triptofani, nenda DMSO kwanza, kiyeyushi kisicho maji. Yenye sisteini au methionini huru ni afadhali DMF, kiyeyushi kingine cha aina hiyo, kwa sababu DMSO inaweza kuzioksidisha.

Na PBS isiwe ya kwanza kugusa unga. Chumvi zake zinapunguza uyeyukaji. Yeyusha kwenye kiasi kidogo cha maji au DMSO, hakikisha mmumunyo ni angavu, kisha ongeza bafa (mmumunyo unaoshikilia pH) taratibu huku ukitikisa hadi ufikie ujazo ulioukusudia.

Ya kwako usiitupe. Ongeza maji ushuke hadi 2 mg/ml uone kama itaangaza, maana wakati mwingine 10 mg/ml ni nyingi tu. Kumbuka sasa ujazo ni mara tano, na lebo ibadilike. Ikigoma, igandishe, iondoe maji kwa kuikausha kwenye ombwe, uanze upya na kiyeyushi kingine. Kumbuka chumvi za PBS zitabaki ndani, na hilo liandike.

---

BintiWaKorogwe

Mkuu uliahidi pleti. Nina stoki ya NANP ya 1 mg/ml na itifaki inataka kupaka pleti nzima kwa 1 µg/ml, mikrolita 100 kila kishimo.

---

FundiPipeti

Karibu dada. Hii inaanzia mwisho kurudi nyuma. Vishimo 96 × mikrolita 100 ni mililita 9.6. Pipeti na beseni havirudishi kila tone, kwa hiyo tengeneza mililita 11.

Ukolezi wa kwanza × ujazo wa kwanza = ukolezi wa pili × ujazo wa pili. Weka vipimo vifanane kwanza: 1 mg/ml ni 1000 µg/ml. Halafu 1 × 11 ÷ 1000 = 0.011 ml, mikrolita 11. Unachota mikrolita 11 za stoki, unaziongeza kwenye bafa ya kaboneti mililita 10.989, ambayo kwa vitendo ni 11 tu.

Mikrolita 11 pipeti nzuri inazipima vizuri. Ila stoki yako ingekuwa 10 mg/ml, ungetakiwa kuchota 1.1, na hapo usikubali. Pipeti ya mikrolita 10 ikiwa karibu na chini ya uwezo wake, tone dogo tu lililobaki nje ya ncha linageuza jibu. Pitia hatua ya kati: mikrolita 10 za stoki na 90 za bafa, upate 1 mg/ml, kisha endelea kama hapo juu. Andika kwenye daftari "10 na 90". Ukiandika "1:10" kuna atakayesoma 1 na 9 na atakayesoma 1 na 10, na hao wawili hawatakutana.

Kitu kingine, peptaidi fupi hazishiki plastiki vizuri kama protini kubwa. Wengine wanaagiza yenye bayotini na kupaka pleti ya streptavidini, protini inayoinasa bayotini kwa nguvu, wengine wanaiunganisha na albumini. Ukiagiza yenye bayotini, uzito wa molekuli umebadilika, kwa hiyo chukua ulio kwenye cheti, usitumie 2396.4 yetu.

---

MpimaMwanga

Je, kuna njia ya kuthibitisha ukolezi baada ya kuyeyusha? Au tunaamini cheti tu?

---

FundiPipeti

Ipo, ikiwa peptaidi ina tairosini au triptofani. Kwenye nanomita 280 tairosini ina 1490 na triptofani 5500, kwa kila mola kwa sentimita. Angiotensini II ina tairosini moja. Stoki ya milimola 1 kwenye njia ya sentimita 1 inapaswa kusoma 1.49. Ukisoma 0.56, gawanya kwa 1490, una milimola 0.376, na kama lebo yako inasema 0.5 una kazi ya kufanya.

Tumia kiyeyushi hichohicho kama sifuri. DMSO inanyonya mwanga mwingi chini kidogo ya hapo, kwa hiyo zimua kwa maji kabla ya kusoma.

NANP yetu haina hata moja kati ya hizo mbili. Soma 280 utapata karibu na sifuri, na haimaanishi kichupa ni kitupu. Hiyo inapimwa kwa 205, ambako vifungo vya peptaidi vyenyewe vinanyonya, au kwa uchambuzi wa asidi amino.

---

MzeeWaGym

Wakuu samahani, mimi si wa maabara. Nimenunua mtandaoni peptaidi ya kupunguza mwili, unga ndani ya kichupa, na nimepewa sindano ya insulini yenye mistari 100. Naomba mnipigie hesabu ya mistari mingapi.

---

FundiPipeti

Kaka, asante kwa kuuliza kabla ya kujichoma. Hesabu hiyo sitakupigia, na nitakueleza kwa nini.

Kichupa cha utafiti kinatengenezwa kwa ajili ya pleti na seli. Hakuna aliyethibitisha kwamba hakina vijidudu wala sumu za bakteria zinazoleta homa na mshtuko. Kama ulivyosoma juu, hata sisi wenye cheti hatuamini namba ya lebo mpaka tuone kiwango halisi, na wewe cheti huna, wala huna uhakika kilichomo ni kile kilichoandikwa. Mistari ya sindano hiyo nayo ni vipimo vya insulini ya U-100, yenye yuniti 100 kwa mililita. Ukiitumia kwa kitu kingine mstari unakuonyesha ujazo peke yake, na dozi huioni. Watu wanajipa mara kumi ya walichokusudia kwa kuchanganya hapo.

Dawa za aina hiyo zilizosajiliwa zipo, daktari anaziandika na zina dozi yake. Kama uko Tanzania, TMDA ndiyo inayosajili dawa. Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu. Nenda hospitali na kichupa hicho mkononi uwaonyeshe, na kama umeshajichoma tayari na unajisikia vibaya, nenda leo.

---

DadaWaBenchi

Naongeza kwa wa maabara: yale maji ya sindano yenye kihifadhi yana pombe ya benzaili 0.9%. Msiyatumie kuyeyushia peptaidi inayokwenda kwenye seli. Seli zitakufa mkadhani peptaidi ndiyo imeziua.

---

SeliT_

Naomba tuingie kwenye mchanganyiko wa peptaidi nyingi, wa ELISpot (jaribio linalohesabu seli za kinga zinazoitikia, kila moja ikiacha doa). Kwetu protini moja imekatwa vipande vya asidi amino 15 vinavyopishana, tuna zaidi ya sitini. Kila moja ipo kwenye DMSO. Tunaambiwa DMSO isizidi 0.5% kwenye seli, lakini kila tukichanganya inazidi. Tunakosea wapi?

---

FundiPipeti

Swali zuri kuliko yote ya uzi huu, na mara nyingi hakuna aliyekosea. Ni hesabu tu haikupigwa kabla ya kuyeyusha.

Ukichanganya peptaidi kwa ujazo sawa, kila moja inazimuliwa na wenzake. Stoki za 20 mg/ml zikiwa 120, kila moja ndani ya mchanganyiko inabaki na 20 ÷ 120, yaani 0.167 mg/ml, ambayo ni 167 µg/ml. Unataka 2 µg/ml ya kila moja kwenye seli, kwa hiyo unazimua mara 83 tu. Mchanganyiko wote ni DMSO tupu, na moja ya 83 ni 1.2%. Seli T zinaanza kulegea, na madoa yanapungua hata kwenye sampuli nzuri.

Ukiiangalia kwa utulivu inajikusanya kuwa mstari mmoja:

sehemu ya DMSO = idadi ya peptaidi × ukolezi wa mwisho ÷ ukolezi wa stoki

120 × 2 ÷ 20,000 = 0.012. Ndiyo ile 1.2%.

Mstari huo unakupa milango mitatu. Ongeza ukolezi wa stoki: kwa 50 mg/ml unapata 0.48%, ila si kila peptaidi itakubali kuyeyuka hivyo. Au gawa mchanganyiko: makundi matatu ya 40 yanakupa 0.4% kila moja, na zaidi ya hapo unapata fununu ya jibu linatoka sehemu gani ya protini, ingawa damu inayohitajika inaongezeka, na kwa watoto hilo ni zito. Au shusha ukolezi wa mwisho hadi 1 µg/ml, ukithibitisha kwanza kwamba majibu yanabaki. Mimi ningegawa makundi kila damu inaporuhusu.

Uamuzi huu unafanywa kabla tone la DMSO halijaingia kwenye kichupa. Ukishayeyusha peptaidi zote kwa 5 mg/ml, kuzipandisha ni kazi ya kukausha upya kila kimoja.

---

MwanaBiokemia_2

Na kuhifadhi mkuu? Stoki inakaa muda gani?

---

DadaWaBenchi

Ikiwa kavu, friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri au chini zaidi inatosha kwa muda mrefu. Ikishayeyushwa, igawe kwenye vichupa vidogo vya matumizi ya mara moja mara moja na uiweke nyuzi 80 chini ukiweza. Inayochakaza peptaidi ni kuganda na kuyeyuka tena na tena. Friza zile zinazojiyeyushia barafu zenyewe hazifai, joto lake linapanda na kushuka. Na mmumunyo mwepesi sana, wa chini ya 0.1 mg/ml, usiuhifadhi. Peptaidi inanata kwenye kuta za plastiki na ukolezi unashuka bila kujua. Hifadhi mzito, zimua siku ya kazi.

Kwenye lebo: jina, namba ya toleo, ukolezi na kama ni wa uzito wa unga au uzito halisi, kiyeyushi, tarehe, herufi zako.

---

SeliT_

Nimepiga ya kwetu upya. Tuna peptaidi 64, stoki 25 mg/ml, tunataka 2 µg/ml. 64 × 2 ÷ 25,000 ni 0.51%. Nimegawa makundi mawili ya 32, inakuwa 0.256%. Lakini kishimo changu ni mikrolita 200, na mchanganyiko wa kuingiza unatoka nusu mikrolita. Hiyo siwezi kuipima.

---

FundiPipeti

Sawa kabisa, na usijaribu kuipima. Ndani ya kundi lako kila peptaidi ipo kwa 25,000 ÷ 32 = 781 µg/ml. Tengeneza kwanza mmumunyo wa kazi kwenye midia (maji ya lishe ya seli) kwa ukolezi mara mbili, yaani 4 µg/ml. Kwa mililita 5 unahitaji 4 × 5000 ÷ 781.25 = mikrolita 25.6 za mchanganyiko. Hizo zinapimika. Kisha mikrolita 100 za mmumunyo huo na mikrolita 100 za seli kwenye kishimo, unabaki na 2 µg/ml.

Vishimo vyako vya kulinganishia navyo vipate midia yenye DMSO kiasi kilekile: mikrolita 25.6 za DMSO tupu kwenye mililita 5, halafu 100 kwa 100. Midia isiyo na DMSO usiilinganishe na kundi lenye DMSO.